Jean-Luc Lagarce: tuanze na kazi ipi, na "Juste la fin du monde" inaigizwaje?

Zuhura_K

Habari zenu wanajukwaa. Kikundi chetu kinajifunza Kifaransa ngazi ya juu, na tumechagua kuigiza Juste la fin du monde ya Jean-Luc Lagarce kwa lugha yake yenyewe. Ni tamthilia ya Louis, anayerudi nyumbani kuwatangazia jamaa zake kwamba atakufa: mama, Suzanne dada yake mdogo, Antoine mdogo wake, na Catherine mke wa Antoine. Waigizaji watano, mwongozaji mmoja, ukumbi wa viti themanini, wiki nane za mazoezi. Tumeisoma kwa sauti mezani na tumekwama. Kila mhusika akisema jambo analirudia, anabadilisha neno moja, analirudia tena, anajisahihisha, kisha anaanza upya. Inasikika kama wote watano wana kigugumizi, na tukifika katikati msikilizaji hajui tena nani anamlaumu nani kwa lipi.

Naomba wanaomfahamu mwandishi huyu watusaidie. Alikuwa nani hasa, na kazi zipi nyingine tuzisome kabla ya kusimama jukwaani? Hayo marudio yanasemwaje? Tena tunafikiria kupunguza maandishi, hasa kile kipande cha katikati chenye maonyesho mafupi mafupi. Kuna hasara? Wenzetu wengine wametazama filamu ambayo Xavier Dolan aliitengeneza kutokana na tamthilia hii na wanataka tuifuate.

Pazia

Zuhura, karibu. Nianze na maisha yake, kwa sababu nusu ya jibu la marudio imo humo.

Wengi humsoma Lagarce kama mgonjwa aliyejifungia chumbani akaandika kuhusu kifo. Hapana. Alikuwa mtu wa jukwaa tangu ujanani mpaka siku zake za mwisho: anaongoza mazoezi, anatafuta ruzuku, anapanga ziara. Alipokuwa hai alijulikana zaidi kwa uongozaji kuliko kwa uandishi. Aliandika akiwa na sauti za waigizaji masikioni, na maandishi yake hayakai sawa mpaka yapite kinywani.

Alizaliwa tarehe 14 Februari 1957 huko Héricourt, mashariki mwa Ufaransa, akakulia Valentigney, mji wa wafanyakazi uliotegemea kampuni ya Peugeot. Wazazi wake nao walikuwa wafanyakazi wa Peugeot. Mwaka 1975 alikwenda Besançon kusoma falsafa chuo kikuu, na papo hapo akasomea uigizaji katika konsevatwari, yaani chuo cha sanaa, ya mji huo. Pamoja na wanafunzi wenzake akaunda kikundi cha ridhaa, Théâtre de la Roulotte, jina lililochaguliwa kumuenzi mwongozaji Jean Vilar. Mwaka 1981 kikundi kikawa cha kulipwa, na Lagarce akakiongoza hadi kufa kwake. Majina mawili ya kukumbuka ni Mireille Herbstmeyer, mwigizaji aliyekuwa naye tangu mwanzo, na François Berreur, mwigizaji ambaye baadaye alikuja kuwa mlinzi mkuu wa kazi zake. Mwaka 1992 Lagarce na Berreur walianzisha nyumba ya uchapishaji, Les Solitaires Intempestifs, huko Besançon. Ndiyo inayochapisha tamthilia zake zote mpaka leo.

Julai 1988 alipimwa akakutwa na VVU. Hapo ndipo wasomaji wanapojikwaa, wakidhani habari ya mtu anayerudi nyumbani ilizaliwa siku hiyo. Retour à la citadelle, yenye mtu anayerudi mjini kwao na kukutana na familia aliyoiacha, ni ya 1984. Derniers remords avant l'oubli, yenye watu wanaokusanyika Jumapili moja kudaiana ya zamani, ni ya 1987. Ugonjwa uliikuta mada imekwisha kuwapo, ukaipa tarehe ya mwisho.

Mwaka 1990, kwa msaada wa tuzo ya Villa Médicis ya waandishi wanaokwenda nje ya nchi, alikaa Berlin akaandika Juste la fin du monde. Kamati zote za usomaji zilizoipokea, zile zinazochagua tamthilia za kuigizwa, ziliikataa. Kwa takriban miaka miwili akaacha kuandika tamthilia mpya za kwake, akazama katika uongozaji. La Cantatrice chauve ya Ionesco mwaka 1991, yenye ukuta wa mbele wa nyumba nyeupe na majani mabichi ya bustani. Le Malade imaginaire ya Molière mwaka 1993. Watu walijaa. Ndipo akarudi kwenye kuandika: Nous, les héros, kisha J'étais dans ma maison et j'attendais que la pluie vienne, kisha Le Pays lointain, aliyoimaliza muda mfupi kabla ya kufa. Alifariki Paris tarehe 30 Septemba 1995, akiwa na umri wa miaka 38, katikati ya mazoezi ya Lulu ya Wedekind. Matibabu ya dawa mchanganyiko yaliyobadilisha maisha ya wenye VVU yalianza kuenea mwaka uliofuata.

Tamthilia yenu hakuiona jukwaani. Joël Jouanneau ndiye aliyeiongoza mara ya kwanza, katika ukumbi wa Vidy huko Lausanne, Uswisi, mwaka 1999. Mwaka 2008 ikaingia Comédie-Française, ukumbi wa taifa jijini Paris, ikiongozwa na Michel Raskine. Baadaye iliwahi kuwa kwenye orodha ya vitabu vya mtihani wa Kifaransa wa shule za sekondari Ufaransa, na ndiyo maana mtandao umejaa miongozo yake. Miongozo hiyo ni mizuri kwa kueleza msamiati na mpangilio wa matukio. Kwa mwigizaji haisaidii sana, maana inahesabu marudio na kuyapa jina la kitaalamu bila kusema mtu ayafanyie nini.

Za kusoma? Msizisome zote, ni takriban 25. Anzeni na Les règles du savoir-vivre dans la société moderne. Ni fupi, ina mhusika mmoja tu, mwanamke anayeeleza taratibu za adabu kuanzia kuzaliwa, ubatizo, uchumba, ndoa, hadi mazishi. Lagarce aliijenga juu ya kitabu cha adabu cha baronesi Staffe cha 1889, na Herbstmeyer ndiye aliyeicheza. Inachekesha kwelikweli. Nasisitiza mwanze nayo kwa sababu mtasikia namna yake ya kurudia ikifanya kazi ya vichekesho, na mkirudi kwenye Juste la fin du monde mtagundua kwamba nayo ina mahali pengi pa kucheka. Kikundi kisichopata kicheko hata kimoja katika dakika ishirini za kwanza kimeicheza nzito mno.

Kisha Derniers remords avant l'oubli. Watu watatu waliwahi kuishi pamoja na kununua nyumba ya mashambani. Wawili kati yao wanarudi na familia zao kuzungumzia kuiuza. Hapo mtajifunza jinsi fedha na hati zinavyobeba mambo ambayo hakuna anayethubutu kuyataja.

Mwisho Le Pays lointain, ikiwa muda upo. Aliichukua Juste la fin du monde akaifumua na kuipanua: Louis, mama, Antoine, Suzanne na Catherine wamo, lakini sasa wameongezwa baba aliyekwisha kufa, mpenzi aliyekwisha kufa, rafiki wa siku nyingi na wengine, jumla kumi na mmoja. Mwigizaji wa Louis aisome hata kama wengine hawataisoma, apate kujua huyo mtu ametoka wapi na amewaacha nani huko mjini.

Mwl_Mbwana

Pazia amesema vizuri. Mimi niingie kwenye mazoezi.

Zuhura, kosa la kwanza ni kuyachukulia marudio kuwa wasiwasi. Mwigizaji anaona sentensi imesemwa mara tatu, anadhani mhusika ana hofu, anaanza kusitasita. Kumbe watu wa Lagarce wanatafuta usahihi. Wanaogopa kusema jambo ambalo silo, kwa sababu katika familia hii neno lililokosewa litakumbukwa miaka kumi. Kwa hiyo kila marudio ni hatua mbele. Nitunge mfano wangu kwa Kiswahili ili mbinu ionekane: "Nilikuja, nilitaka kuja, niliona ingefaa nije, ingenipasa nije." Hapo kuna maneno manne yenye habari nne tofauti. Mtu ametoka kwenye tendo, akaenda kwenye nia, akaenda kwenye hukumu, akaishia kwenye wajibu ambao pengine hakuutimiza. Akiyasema yote kwa uzito mmoja, ni kigugumizi. Akilikanyaga lile lililobadilika tu, ni mtu anayefikiri mbele yetu.

Fanyeni hivi. Chukueni usemi wa Suzanne katika onyesho la tatu la sehemu ya kwanza, ule wa kadi za posta ambazo Louis alikuwa akituma zenye maneno machache. Kila mtu awe na nakala na penseli. Pigeni mstari chini ya kila neno jipya, yaani neno ambalo halikuwapo katika kauli iliyotangulia, au kitenzi kilichobadilika wakati. Kisha mwigizaji asome maneno yaliyopigiwa mstari peke yake, kutoka juu hadi chini. Atakuwa na mnyororo unaoonyesha hoja inakokwenda. Ausome mara tatu au nne mpaka aukumbuke bila karatasi. Baada ya hapo ndipo arudishe maneno mengine yote, akiyapitisha kwa wepesi. Mara nyingi usemi uliochukua dakika tisa unashuka hadi sita, na hakuna neno lililoondolewa.

La pili ni kukata kwa mistari. Lagarce hakupanga maandishi kama nathari ya kawaida. Anashuka mstari katikati ya sentensi. Huko kushuka si nukta. Sauti isianguke. Simama kidogo sana, kiasi cha kuchagua neno linalofuata, huku sauti ikibaki juu kuonyesha kwamba bado hujamaliza. Utangulizi wa Louis ni zoezi bora la jambo hili, kwa sababu unakwenda kama sentensi moja ndefu kutoka mwanzo hadi mwisho. Wekeni alama za pumzi kabla ya kuanza. Mwigizaji akivuta pumzi kila mkato, ataonekana amekimbia; akingoja mpaka aishiwe, atameza maneno ya mwisho, na uamuzi wake uko humo humo mwishoni: anarudi ili atangaze kifo chake kwa mdomo wake mwenyewe na aonekane bado ana mamlaka juu yake. Watazamaji wakiukosa uamuzi huo, hawatajua wanangoja nini kwa muda wote unaobaki.

La tatu linaharibu maonyesho mengi usiku wenyewe: kuruka. Kwa kuwa kauli zinafanana, mwigizaji anafika kwenye neno fulani, akili inaingia kwenye mlango usio wake, na anajikuta kurasa mbili mbele. Wenzake hawajui wamfuate au wamrudishe. Dawa yake ni kugawa kila usemi mrefu katika vipande vya mistari kumi hadi kumi na tano, kukipa kila kipande namba na neno moja la kukifungulia, na kukariri kwanza orodha ya hayo maneno ya ufunguzi kwa mpangilio wake. Katika mazoezi, mwongozaji ataje namba yoyote, mwigizaji aanze hapo bila kurudi nyuma. Asiyeweza kuanzia namba sita bila kupitia namba tano hajaukariri bado. Muwe pia na mtu mmoja anayefuata kitabu kuanzia wiki ya tatu, siyo wiki ya mwisho. Usemi wa mwisho wa Antoine, katika onyesho la tatu la sehemu ya pili, ndio mgumu kuliko yote: karibu dakika kumi, na takriban kila kauli inasikika kama umekwisha kuitamka. Mwigizaji wake aanze kuukariri siku ya kwanza.

La nne, amueni nani anasikia. Maandishi hayana maelekezo ya jukwaani ya kutosha: yanasema tu ni nyumbani kwa mama na Suzanne, Jumapili, au labda mwaka mzima karibu. Hayasemi nani ametoka na nani amebaki. Suzanne anapomlalamikia Louis, je, mama yuko jikoni anasikia? Catherine anapozungumza na Louis peke yao kuhusu Antoine, Antoine yuko wapi? Kila jibu linabadilisha sauti. Tengenezeni jedwali la maonyesho yote, watu watano juu, na kwa kila kisanduku muandike moja kati ya matatu: yupo na anasikia, yupo hasikii, hayupo. Kazi ya jioni moja, nayo inaokoa wiki nzima ya mabishano.

Kuhusu Louis: asiwe sanamu ya huzuni. Ni kweli huwa hajibu. Suzanne anamwaga yote, yeye kimya. Mama anampa mafundisho marefu ya namna ya kuzungumza na wadogo zake, na jibu lake ni dogo mno, kama pale anapoulizwa umri akasema miaka 34. Lakini kutojibu kwake ni tendo, na wakati mwingine ni dharau. Antoine ana sababu ya kumkasirikia. Ukimfanya Louis malaika na Antoine jitu katili, usemi wa Antoine mwishoni hautakuwa na pa kusimama, kwa sababu pale anaeleza ilivyokuwa kuishi kando ya kaka ambaye kila mtu alilazimika kumhurumia. Mpeni Antoine mwigizaji wenu bora. Wengi humpa Louis.

Jambo dogo la Kifaransa ambalo wanafunzi hulikosea: Catherine anamwita Louis "vous", yaani "nyinyi" ya heshima, siyo "tu" ya watu wanaojuana. Hawajawahi kuonana, Louis hakufika harusini kwao. Katika onyesho la kwanza wanapeana mikono, na Suzanne anashangaa kwa sauti kwamba wanasalimiana kama wageni. Louis anapombusu baada ya hapo anaomba ruhusa kwanza, kwa hiyo msiwafanye wakumbatiane kama wanaojuana.

Zuhura_K

Nawashukuru sana, hili la maneno yaliyobadilika tutalianza mazoezi yajayo. Sasa kuhusu kupunguza. Tukiisoma kwa mwendo wetu inakaribia saa mbili na nusu. Kile kipande cha katikati kina maonyesho tisa ambayo hatuelewi hata yanatokea wapi. Tukikiondoa hadithi haivunjiki. Na filamu je?

Naliaka

Zuhura, saa mbili na nusu ni dalili kwamba bado mnaivuta. Kwa mwendo unaofaa ni kati ya saa moja na nusu na saa mbili. Fanyeni kwanza kazi aliyowapa Mwalimu, pimeni tena kwa saa, ndipo mzungumzie makasi.

Kile kipande cha katikati nakitetea kwa nguvu. Tazama mpangilio: utangulizi, sehemu ya kwanza yenye maonyesho kumi na moja, kipindi cha kati chenye tisa, sehemu ya pili yenye matatu, hitimisho. Katika sehemu ya kwanza watu wanaongea sana, kila mmoja anapata zamu yake ya kumshika Louis. Sehemu ya pili inaanza na Louis akituambia kwamba anaondoka bila kusema alichokuja kusema. Kati ya hayo mawili kuna kitu kilichovunjika, na mahali pekee kinapovunjika ni kile kipindi cha kati. Watu wanaitana ndani ya nyumba, hawaonani, mama anamtafuta Louis, Suzanne na Antoine wanasemezana pembeni, maneno ya mmoja yanakatiza ya mwingine kama ndotoni. Ukikiondoa, Louis anaamua kuondoka bila sababu inayoonekana. Hadithi haivunjiki, ni kweli, lakini inapoteza nguvu.

Mnashindwa kukielewa kwa sababu mnakisoma kama mazungumzo ya sebuleni. Kiwekeni hivi: punguzeni mwanga, kila mwigizaji akae mahali pake mbali na mwenzake, wasitazamane, na kila kauli itolewe kuelekea upande ambao mwenzake hayupo. Msimame kati ya onyesho na onyesho kwa pumzi moja tu. Kasi ndiyo siri. Mkikichezea taratibu, watazamaji watajaribu kukielewa. Mkikipitisha haraka, watakihisi. Ni dakika chache tu katika jioni nzima.

Kama bado mnahitaji kupunguza baada ya kupima, afadhali mtoe onyesho zima moja katika sehemu ya kwanza kuliko kuchuna mistari humu na humu. Kuchuna mistari kwa Lagarce ni hatari kwa sababu ukiondoa kauli ya pili kati ya tatu, ya tatu inakuwa inasahihisha kitu ambacho hakikusemwa. Lakini kwanza msome habari ya haki za mwandishi nitakayoiandika hapo chini.

Filamu. Dolan aliitoa mwaka 2016, ikapata Grand Prix kwenye tamasha la filamu la Cannes, na ina waigizaji wakubwa: Gaspard Ulliel, Nathalie Baye, Vincent Cassel, Marion Cotillard, Léa Seydoux. Ni kazi nzuri kwa njia zake, ila njia hizo si zenu. Kamera inasogea mpaka kwenye jicho la mtu, kwa hiyo Dolan alikuwa na uhuru wa kuondoa sehemu kubwa ya semi ndefu na kuuacha uso ufanye kazi. Nyinyi hamna kamera. Mtazamaji wa safu ya nane haoni kope la Louis. Anachokuwa nacho ni maneno. Isitoshe filamu inaongeza kelele na ugomvi wa waziwazi, na waigizaji wanaoifuata huanza kupiga makelele kuanzia onyesho la pili. Mkifika kwenye ugomvi wa kuondoka, pale Catherine anapomwambia Antoine kwamba amekuwa mkali naye anakataa neno hilo, hamtakuwa na pa kupandia. Neno hilo linamchoma kwa sababu mpaka hapo amejizuia. Naomba wenzenu waiweke filamu kando mpaka onyesho lenu liishe.

Kitu kingine ambacho kitabu kinakifanya kwa ujasiri mkubwa: ugonjwa hautajwi jina hata mara moja. Louis anasema atakufa, basi. Msiongeze kikohozi, msimpake rangi ya ugonjwa, msiweke chupa za dawa mezani. Lagarce alijua fika alichokuwa anakiacha nje. Mkiweka chupa ya dawa, watazamaji wataanza kubahatisha ugonjwa, na kila neno la Suzanne na mama litapita pembeni.

Pazia

Nakubaliana na Naliaka kuhusu kipindi cha kati. Kuhusu kutoa onyesho zima sikubaliani sana. Kila onyesho la sehemu ya kwanza linambebesha Louis mzigo tofauti: Catherine anamletea habari ya mtoto aliyepewa jina la Louis, Suzanne anamletea kadi za posta, mama anamletea Jumapili za zamani na matembezi ya gari, Antoine katika onyesho la kumi na moja anakataa kabisa kusikiliza habari za Louis kufika mapema na kungoja kwenye mgahawa wa stesheni. Toa mmoja, na mwigizaji wake atabaki kivuli hadi mwisho. Kama ukumbi hauruhusu muda mrefu, ningechagua kufanya usomaji wa jukwaani: vitabu mkononi, viti vitano, maandishi kamili. Lagarce anafaa sana kwa usomaji kwa sababu tendo lake kubwa ni kusema. Wiki nane zinawatosha kufanya usomaji mzuri sana. Kwa onyesho kamili la watu wanaoigiza kwa lugha ya kujifunza, naona zitawabana.

Kwa mwigizaji wa Louis nina shauri moja zaidi. Asome Trois récits, hasa L'Apprentissage, mtu anapoamka hospitalini na kurudiwa na fahamu kidogo kidogo, na Le Voyage à La Haye, inayotokea wakati wa ziara ya kikundi chake. Ni nathari, na sentensi zake zinatembea kwa mguu ule ule. Humo utaona kwamba huyo mtu anatazama kila kitu kwa makini ya ajabu, hata pale mwili unapomsaliti. Makini hiyo ndiyo Louis anayoikosa akichezwa kwa huzuni. Daftari zake za kila siku, kuanzia 1977 hadi 1995, zimechapishwa kwa juzuu mbili, lakini ni nyingi mno kwa wiki nane; chukueni kurasa za 1990 tu, za Berlin.

Mwl_Mbwana

Kama mtachukua usomaji wa jukwaani, gawanyeni wiki hivi. Mbili za kwanza ni meza na penseli, kila usemi mrefu uwe na mnyororo wake. Ya tatu na ya nne, jedwali la nani anasikia, na kila onyesho lisomwe mara mbili kwa majibu tofauti ili mchague. Ya tano iwe ya Antoine na ya kipindi cha kati tu. Msiguse kitu kingine. Ya sita, pitieni yote bila kusimama na mpime kwa saa kila sehemu peke yake, maana mkipima jumla hamtajua muda unavujia wapi. Ya saba ni taa na viti. Ya nane, mpitio mmoja kwa siku, usizidi, sauti zisije zikaisha.

Hitimisho Louis alisome amesimama, peke yake, kwa sauti ya kawaida. Anasimulia usiku mmoja alipotembea juu ya daraja la reli akatamani kupiga ukelele, na hakupiga. Waigizaji wengi hupiga ule ukelele, au huusikilizisha kwa sauti ya kulia. Asiupige. Maandishi yanasema hakuupiga na kwamba ndilo atakalolijutia.

Naliaka

Haki, kama nilivyoahidi. Lagarce alikufa 1995, na kwa sheria ya Ufaransa kazi zake zinalindwa miaka 70 baada ya kifo, yaani hadi mwisho wa 2065. Tanzania, Kenya na Uganda zinatambua haki za mwandishi wa kigeni, kwa hiyo kusema "sisi ni wa ridhaa" au "hakuna kiingilio" hakuwatoi kwenye wajibu wa kuomba. Ombi la kuonyesha linapitia SACD, chama cha waandishi wa tamthilia cha Ufaransa, ambacho tovuti yake ina njia maalumu ya vikundi vya ridhaa. Andaeni jina la tamthilia, jina la kikundi, ukumbi na idadi ya viti, tarehe zote, bei ya tiketi hata kama ni sifuri, na lugha mtakayotumia. Mkitaka kuondoa kitu, kisemeni humo humo kwenye ombi, mtaje onyesho lenyewe. Ruhusa ya kuonyesha haiwi ruhusa ya kukata. Na kama mnapanga kugawa muhtasari wa Kiswahili kwa watazamaji, uandikeni kwa maneno yenu, ukurasa mmoja unatosha. Kutafsiri maandishi yenyewe na kuyarusha ukutani wakati wa onyesho ni tafsiri, na tafsiri inahitaji ruhusa yake, ambayo mnaanza kuiulizia kwa Les Solitaires Intempestifs. Ombeni wiki hii, kabla ya kuchapa mabango, kwa sababu jibu linaweza kuchukua muda na tarehe yenu haitawangoja.